Tusi la Kutoka Stoo Hadi Nguzoni

Kwa muda wa miezi mitatu na siku chache, askari wote wa gereza letu tulihukumiwa kila Jumamosi na mfungwa. Tulivua kofia kabla ya kuingia mbele yake. Tulijibu "naam, mzee." Sajini mwenyewe, mtu mwenye medali ya vita kifuani, alihukumiwa kufagia ua kwa kosa la kuguna. Akafagia, na mfungwa mwingine akamwonyesha pembe aliyoiruka.

Nawaandikia ninyi mlioshika funguo baada yangu. Nimestaafu tangu mavuno yaliyopita, na nikishuka Same mnaniuliza habari za zamani, kila mmoja akiwa na yake aliyoisikia. Wengine mnasema wafungwa waliasi. Wengine mnasema Mzungu alifungiwa ndani. Hapana, Mzungu alifungiwa nje. Nitaeleza kwa mpangilio.

Gereza lilikuwa dogo, chini ya mlima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Same. Mabweni mawili, jiko, stoo ya majembe, na ua uliozungushwa seng'enge kwenye nguzo za miti, wenye lango moja la mbao. Wafungwa hawakuzidi thelathini, wengi wao wezi wa mbuzi na watu waliopigana kwenye pombe. Askari tulikuwa sita. Nilifika pale kutoka kwetu Mamba nikiwa na mkungu wa ndizi begani, kwa sababu mama alisema mtu haendi kazini mikono mitupu. Sajini Sefu, mkuu wetu, mtu wa Tabora, aliutazama mkungu, akanitazama mimi, akaita mpishi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba ya kunikaribisha.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kufuli. Alinipa unyoya wa kuku na kichupa cha mafuta ya mbarika, akanionyesha jinsi ya kupaka ndani bila kumwaga.

"Zefania," aliniambia, "ufunguo haulazimishwi. Kufuli ni kama mkwe. Ukimpigia kelele, hakufungulii. Ufunguo ukigoma, vuta pumzi, uombe upya."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote ya utu uzima na sijasikia fundisho bora. Sajini alikuwa hodari wa kuongea na kufuli. Shida yake ilikuwa makoplo.

Lango letu lilikuwa na kufuli mbili, ya juu na ya chini, na kila moja ilikuwa na ufunguo wake kwa mtu wake. Ilikuwa amri kutoka juu. Tuliambiwa kuwa katika gereza fulani askari mmoja alifungua lango peke yake, akaenda kutoa posa na wafungwa wote nyuma yake kama wapagazi. Wakweze walifurahi sana kwa msafara ule. Serikali haikufurahi. Tangu hapo, lango halifunguki bila makoplo wawili.

Ufunguo wa juu ulikuwa kwa Koplo Elinami wa Kighare, kule Ugweno, mrefu, mkavu kama ufito. Ufunguo wa chini ulikuwa kwa Koplo Yakobo wa Myamba, mfupi, mwenye sauti ya kengele. Nilipofika walikuwa hawajasemezana kwa mwaka mzima. Niliuliza sababu, nikaambiwa: "Siku ile ya makande." Siku ile ya makande mmoja alimtukana mwenzake, au wote wawili walitukanana. Hakuna aliyekuwapo, na wenyewe hawakutaka kusema. Basi walisemezana kupitia mfungwa aliyesimama katikati yao, mwizi wa mbuzi mmoja mpole aitwaye Kitojo.

"Mwambie mwenye ufunguo wa juu kwamba lango linangoja," alisema Yakobo.

Kitojo aligeuka hatua moja. "Koplo, mwenye ufunguo wa chini anasema lango linangoja."

"Mwambie lingoje kwa adabu."

Hatua moja tena. "Koplo, anasema lingoje kwa adabu."

Walikuwa umbali wa mkono. Wangeweza kupigana vibao bila kunyoosha kiwiko.

Siku moja, jua likiwa utosini, alikuja Mkaguzi, yule Mzungu aliyezunguka magereza na mota yake. Sajini alikuwa amekwenda Same kuchukua barua. Kitojo alikuwa porini akikata kuni. Elinami alikwenda langoni, akachomeka ufunguo wake, akasimama. Yakobo alikuwa stoo, akakataa kutoka mpaka aitwe.

Nilikimbia stoo. "Afande, Koplo Elinami anakuita, Mzungu yuko nje."

"Wewe ni mfungwa?" aliniuliza Yakobo.

"Hapana, afande. Ni askari."

"Basi sikukusikia. Elinami akiniita kupitia askari ni sawa na kuniita kwa mdomo wake."

Nilirudi langoni, nikamweleza Elinami. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kwa hilo tu Yakobo ana haki. Mkaguzi alisimama juani kando ya mota yake karibu saa nzima, mpaka kuni ziliporudi na Kitojo akasogea kwenye seng'enge, mzigo ukiwa kichwani, akaanza kufikisha ujumbe kutoka nje.

Mkaguzi hakupiga kelele. Alizungumza polepole, karani wake akitafsiri: "Nitarudi baada ya masika. Nikikuta hivi tena, nalifunga gereza hili na kuwatawanya ninyi nyote sita." Akataja vituo: Liwale, Kasulu, kisiwa kimoja cha ziwani, na vingine ambavyo Mpare akisikia majina yake hudhani ni magonjwa.

Mimi nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia. Mke wangu Naetwe alikuwa kwao Mamba, mjamzito, na alikuwa ameshatamka kwamba hatakanyaga nchi yenye joto kuliko Same, na Same yenyewe aliihesabu kuwa ni adhabu. Nilipanda mlima Jumapili ile nikamweleza neno la Mkaguzi.

"Ukihamishwa," alisema huku akichambua maharage, "utakwenda na kofia yako."

"Na wewe je?"

"Mimi si kofia."

Nikashuka nikiwa nimeelewa kwamba ndoa yangu imening'inia kwenye kufuli mbili.

Sajini alijaribu dawa ya kwanza. Aliamuru makoplo wapeane mikono kila zamu inapobadilika. Wakapeana, kila mmoja akitazama upande wake, na kila siku wakiongeza nguvu ya kubana. Wiki ya pili vidole vya Elinami vilivimba, akashindwa kuzungusha ufunguo. Siku ile uji wa asubuhi tuliunywa jioni, maana kuni zilibaki nje ya lango.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Mchome.

Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili aende kudai kuku. Ni uzushi. Huazima ng'ombe. Mzee Mchome alikuwa mtu wa milimani juu ya Mamba, aliyegombania zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Alishindwa barazani kwa wazee, akashindwa kwa mfumwa, mtawala wetu wa Kipare, akashindwa kwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Akaambiwa kesi imekwisha. Kesho yake alikuja barazani akaiendesha peke yake. Alisimama kulia akasema hoja zake, akasimama kushoto akasema za mpinzani, akaketi katikati akaamua. Alishinda. Akarudi kesho yake akashinda tena. Baada ya wiki mbili za kushinda mfululizo, akafungwa miezi sita kwa kudharau baraza.

Alikuwa akifagia karibu Sajini alipokuwa akiwasihi makoplo kwa mara ya mwisho. Akasimamisha ufagio.

"Mnaiharibu kesi nzuri," alisema.

"Shikamoo, mzee," alisema Sajini kwa sauti ya chini, ili wafungwa wengine wasisikie.

"Marahaba, mwanangu. Watu hawa hawahitaji kusihiwa. Watu hawa wanahitaji kusikilizwa mpaka wachoke."

Sajini alivuta pumzi, kama mtu aliyegomewa na kufuli. Jumamosi ile tulikaa ndani ya stoo, Mzee Mchome juu ya debe lililopinduliwa, sisi chini kati ya majembe. Mimi, kwa kuwa nilisoma misheni, nikafanywa karani. Daftari ninalo mpaka leo.

Mzee alianza na sheria. "Tusi likirudiwa mbele ya wazee, limetukanwa mara ya pili, na aliyelirudia ana kesi yake. Kwa hiyo hapa hatutaji tusi. Mtanionyesha ukubwa wake tu."

"Kwa kipimo gani, mzee?" niliuliza.

"Kwa mkono. Kuanzia ncha ya kidole."

Akapanga viwango, nami nikaandika. Tusi linalofika kifundo cha mkono, mkosaji ampelekee mwenzake debe la maji. Likifika kiwiko, amsalimu yeye kwanza kila asubuhi kwa wiki nzima, na kumuuliza habari za kila mtu wa nyumbani kwake kwa jina. Likifika bega, apike makande na wale sahani moja, bila kugombea mahindi.

Kesi zikamiminika. Sikujua kwamba watu sita wanaweza kuwa wamekoseana kiasi kile. Mimi nilishtakiwa kwa kupiga chafya wakati Koplo Yakobo akieleza jambo la maana. Ukubwa wake ulikuwa ukucha. Nikambebea kigoda chake siku tatu. Sajini alishtakiwa kwa kuguna.

"Mzee, mimi ni Sajini," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Kuguna kwako kulifika wapi?"

Sajini alifikiri kwa uaminifu. "Hapa," akasema, akigusa juu kidogo ya kifundo.

"Debe moja na ufagio."

Lazima niseme ukweli: dawa ilifanya kazi. Katika mwezi wa pili nilimwona askari ameanza kumtukana mpishi, akasita, akautazama mkono wake, akapunguza. Watu walianza kujua majina ya watu wa nyumbani kwa wenzao kwa sababu ya zile salamu za adhabu. Nilijua habari za shangazi wote wa mpishi, pamoja na yule wa Kihurio aliyekuwa na jino linalouma. Hata wafungwa waligombana kwa utaratibu.

Ila makoplo hawakubadilika. Kesi yao Mzee aliiweka mwisho, kama mtu anayebakiza nyama pembeni mwa sahani. Ilipofika zamu yake, stoo ilijaa.

"Koplo Elinami, tusi ulilotukanwa siku ya makande lilifika wapi?"

Elinami alinyoosha mikono yote miwili, na mnajua nimewaambia alikuwa mrefu. Watu wakanong'ona.

"Na wewe, Koplo Yakobo, ulilotukanwa wewe?"

Yakobo hakunyoosha mkono. Alitoka stoo. Tukatoka nyuma yake. Alitembea kwa hatua za kwata, akavuka ua, akafika kwenye seng'enge, akagusa nguzo. "Lilianzia mlangoni pa stoo," alisema kwa ile sauti ya kengele, "likaishia hapa."

Elinami alipoona hivyo aliomba kupima upya. Akaomba lango lifunguliwe, kwa sababu la kwake lilipita ua.

"Mwambie halipiti," Yakobo alimwambia Kitojo.

Ufunguo mmoja ulikubali, mwingine ukakataa. Mzee Mchome aliahirisha ili apate kamba ya kupimia. Jumamosi iliyofuata ilinyesha, na akasema kamba mbovu ikilowa hurefuka, haki haipimwi na kamba iliyolowa. Masika yote ikawa hivyo. Mimi nilikuwa nikihesabu siku mbili kwa pamoja, ya kurudi Mkaguzi na ya kujifungua Naetwe, na zote zilikuwa zinashuka mlima mmoja.

Kisha mvua zikakatika, na Ijumaa moja asubuhi Sajini akafungua kitabu chake akakunja uso. Kifungo cha Mzee Mchome kilikuwa kimekwisha siku ile. Hukumu ya makoplo ilikuwa kesho yake.

"Siendi," alisema Mzee.

"Mzee, sheria," alisema Sajini.

"Kifungo kimekwisha. Kesi haijakwisha. Kipi kikubwa?"

Alikaa juu ya debe lake stoo, akakunja mikono. Tulimsihi. Tulimletea nguo zake za nyumbani, akazikalia. Adhuhuri Sajini aliishiwa na maneno, akawaamuru makoplo wamtoe. Wakaingia, mmoja huku na mmoja huku. Elinami alipitisha mikono chini ya makwapa ya Mzee.

"Shika miguu," alisema.

Wafungwa waliokuwa wakilima bustani walisimamisha majembe. Kitojo, mtu wa wajibu, alijitokeza mlangoni akageuka hatua moja.

"Koplo, mwenye ufunguo wa juu anasema shika—"

"Nimesikia," alisema Yakobo.

Akashika miguu. Wakambeba mpaka langoni, wakamweka chini, wakafungua kufuli ya juu na ya chini, wakambeba tena, wakamweka upande wa pili, wakafunga. Mzee hakupinga hata kidogo. Alilala mikononi mwao kama mgonjwa mwenye cheo. Ni Kitojo pekee aliyebaki na sura ya mtu aliyefukuzwa kazi.

Jumamosi asubuhi tulimkuta nje ya lango. Alikuwa amelala kwa jamaa zake pale chini, akarudi na fimbo, na nguo safi, na shauri jipya. Alikuwa akiwashtaki makoplo wote wawili, kwa pamoja, kwa kumbeba mtu huru kama gunia.

Washitakiwa waliomba muda wa kujiandaa. Walikaa kwenye benchi moja, ndani ya lango, nami nikiandika.

"Tuseme tulimbeba kwa heshima," alisema Elinami.

"Vizuri. Na tuseme kichwa kilitangulia. Miguu ikitangulia ni maiti."

"Lakini miguu ndiyo iliyotangulia, Yakobo. Wewe ndiye uliyekuwa mbele."

"Ndiyo maana nasema tuseme."

"Kitojo aliona."

"Kitojo ni mwizi wa mbuzi."

"Hilo kweli."

Walikuwa bado hapo, wameinamiana kama wanawake wanaosukana, mota ya Mkaguzi ilipopinda kona. Sikumbuki lango kufunguka haraka kiasi kile. Funguo mbili zilizunguka kwa sauti moja. Mkaguzi alishuka akakuta makoplo wamesimama bega kwa bega, wakinong'onezana. Akawatazama kwa muda. Akamuuliza Sajini yule mzee ni nani.

"Ni raia, Bwana," alijibu Sajini bila kupepesa. "Amekuja kushukuru."

Mzee Mchome alisogea, akamsemesha karani wa Mkaguzi. "Mwambie nimesikia siku ile alisimamishwa juani. Nauliza tusi hilo lilifika wapi." Na akaonyesha mkono.

Karani alitafsiri, jasho likimtoka. Mkaguzi alimtazama Mzee, akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa mwekundu kwa jua, na ninawaapia, akagusa kiwiko.

"Andika," Mzee aliniambia. "Kiwiko. Watamsalimu wao kwanza wiki nzima."

Kwa kuwa Mkaguzi alikuwa anaondoka siku ileile, makoplo walimsalimu mara saba, na kila mara wakamuuliza habari za nyumbani. Alisema mama yake ana baridi yabisi. Alipopanda mota aliandika jambo katika kitabu chake, akasema maneno mawili. Karani akatafsiri: "Gereza libaki." Naetwe alijifungua mtoto wa kike baada ya siku tisa, Mamba, kwenye baridi yake.

Elinami na Yakobo waliongea tangu siku ile, mara nyingine kupita kiasi. Baadaye mtoto wa mmoja alioa mtoto wa mwingine, nao sasa ni wakwe, wazee wenzangu. Lakini kesi ya siku ya makande haijahukumiwa. Mzee Mchome alishika kanuni kwamba shauri dogo hutangulia kubwa, na shauri dogo la kubebwa alilifuatilia kila alipopata nafasi ya kushuka mlima, miaka na miaka, mpaka alipofariki, inasemekana katikati ya hoja. Nimewauliza makoplo, kila mmoja kwa wakati wake, tusi lenyewe lilikuwa lipi. Wote wananijibu kwamba jambo liko mbele ya mzee, si vizuri kulizungumza.

Kwetu kesi hurithiwa kama shamba. Mtoto wa Mzee Mchome amenitumia salamu kwamba ameamua kumaliza kazi ya baba yake, ana debe na ana kamba kavu, niende na daftari. Nimelifungua. Kila kitu kimo: ukucha wangu, mguno wa Sajini, kiwiko cha Mkaguzi. Katika kesi ya makoplo nimeandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Koplo Yakobo akatoka mlangoni pa stoo, akaenda mpaka penye nguzo."

Sikuandika nguzo ipi. Upande ule zilikuwa kumi na nne, na ua ulijengwa upya zamani. Nimewauliza wakwe wale wawili. Wote wanakumbuka vizuri, na kila mmoja anakumbuka yake.